Picha ni ya Wote, Maelezo ni ya Nani? Uhakiki wa Uendeshaji wa Hazina Huria ya Wikimedia Commons

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna jumuiya ya watu wanaojitolea inavyojenga na kuendesha Wikimedia Commons, hazina huria ya picha, sauti na video iliyoanzishwa mwaka 2004. Kwa kuongozwa na mawazo ya Elinor Ostrom kuhusu usimamizi wa mali ya pamoja, makala yanaonesha kuwa jumuiya hiyo imefaulu kuweka taratibu madhubuti za kulinda uhuru wa kisheria wa kila faili, lakini haijaweka taratibu zenye uzito huohuo za kulinda maana yake. Mfano unaochambuliwa ni mkusanyiko wa picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani uliotolewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Makala yanahitimisha kuwa picha huwa mali ya wote pale tu maelezo yake yanapofikiwa na kuhojiwa na wale wanaohusika nayo, na kwamba kwa picha za Afrika Mashariki kazi hiyo inawahusu kwanza wasemaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelezwa kwa kawaida kama onyo kwa mfanyabiashara, lakini inaigusa pia kila hazina ya kumbukumbu. Picha isiyo na maelezo ya mahali ilipopigwa, mwaka, mpigaji na wanaoonekana ndani yake haijapotea machoni, imepotea kimaana.

Wikimedia Commons ilianza rasmi tarehe 7 Septemba 2004, kufuatia pendekezo lililotolewa na Erik Möller mwezi Machi mwaka huohuo. Kabla ya hapo kila Wikipedia ilihifadhi picha zake yenyewe. Picha iliyopakiwa katika Wikipedia ya Kijerumani haikuweza kutumika katika ile ya Kiswahili mpaka mtu aipakie upya, na maelezo yake yakabaki yametawanyika. Pendekezo lilikuwa kwamba miradi yote iwe na ghala moja, na faili likishawekwa humo litumike katika lugha yoyote. Mwishoni mwa Novemba 2006 hazina hiyo ilifikisha mafaili milioni 1. Hivi sasa ina zaidi ya milioni 100.

Ukubwa huo husifiwa mara nyingi, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, wingi wa mafaili hauelezi ubora wa usimamizi wake. Makala haya yanajiuliza maswali mawili. Je, jumuiya isiyolipwa mshahara inawezaje kulinda ghala kubwa kiasi hicho? Na je, inalinda nini hasa?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mjadala kuhusu mali ya pamoja katika taaluma ya kisasa huanza kwa kawaida na makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968. Hardin alitoa mfano wa malisho yasiyo na mwenyewe: kila mfugaji huona faida ya kuongeza mnyama mmoja, hasara hugawanywa kwa wote, na mwisho malisho huisha. Ostrom (1990) aliupinga uhitimishaji huo kwa kuchunguza jumuiya halisi, zikiwemo za wafugaji wa milimani Uswisi na za wakulima wa umwagiliaji Hispania na Ufilipino. Alionesha kuwa watu wanaotumia mali kwa pamoja huweza kuilinda kwa muda mrefu, mradi wawe na mipaka inayoeleweka, kanuni zinazolingana na mazingira yao, nafasi ya kushiriki katika kuzibadili, uangalizi, adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, na njia nafuu za kusuluhisha migogoro. Mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi kwa kazi hiyo.

Picha ya kidijitali haifanani na malisho. Ikitazamwa na watu elfu moja haipungui hata chembe. Hess na Ostrom (2007) walipoihamishia nadharia hii kwenye maarifa, walilazimika kuzingatia tofauti hiyo. Kwa hazina ya picha, vitu viwili ndivyo vinavyoweza kuchakaa: imani ya watumiaji kwamba kilichomo ni huru kweli, na muda wa wale wanaojitolea kuihudumia. Uhakiki wa Commons unapaswa kuanza kwa kuangalia muda huo unatumika kulinda kitu gani.

3.0 Ulinzi wa Uhuru wa Kisheria

Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupakia faili. Anapofanya hivyo hutakiwa kutaja chanzo, mtunzi, tarehe na leseni. Yanayokubaliwa ni mafaili yaliyo mali ya umma, au yaliyotolewa kwa leseni huria zinazoruhusu kila mtu kuyatumia, kuyabadili na hata kuyauza, kama vile leseni ya Creative Commons inayodai tu mtunzi atajwe. Leseni inayozuia matumizi ya kibiashara au inayokataza mabadiliko haikubaliki. Wala haikubaliki hoja ya matumizi ya haki, ambayo baadhi ya Wikipedia huitumia kwa masharti kuhifadhi nembo au majalada ya vitabu katika seva zao. Zaidi ya hayo, faili lazima liwe huru kwa sheria ya nchi lilikotoka na kwa sheria ya Marekani.

Hii ndiyo mipaka ambayo Ostrom aliizungumzia, na jumuiya huilinda kwa bidii. Mtu yeyote akilitilia shaka faili huweza kuomba lifutwe. Mjadala hufunguliwa, kwa kawaida kwa siku 7, kisha mmoja wa wakabidhi, kama wanavyoitwa katika Wikipedia ya Kiswahili, huamua kwa kuzingatia uzito wa hoja na si kwa kuhesabu mikono. Penye shaka kubwa kuhusu hakimiliki, faili huondolewa. Mkabidhi mwenyewe huchaguliwa na wanajumuiya kwa angalau asilimia 75 ya kura, na asiyefanya kazi huvuliwa madaraka. Mchangiaji anayekiuka kanuni huonywa kwanza, kisha hufungiwa kwa muda, na akiendelea hufungiwa bila ukomo. Kikundi kingine cha wanaojitolea hupokea kwa baruapepe vibali vya watunzi ambao kazi zao zimepakiwa na watu wengine. Taasisi ya Wikimedia, yenye makao yake San Francisco, humiliki seva na kuwajibika mbele ya sheria, lakini shughuli za kila siku zimo mikononi mwa jumuiya.

Kipo kipengele kimoja kinachoonesha jinsi ulinzi huu ulivyofikiriwa kwa kina. Faili linalofutwa haliharibiwi. Hufichwa, na wakabidhi wanaweza kulirejesha. Kwa hiyo faili likifutwa kwa sababu hakimiliki yake haijaisha, huweza kuorodheshwa chini ya mwaka ambao hakimiliki hiyo itafika kikomo. Zipo orodha za miaka mingi ijayo, na baadhi ya kazi zilizomo zitafunguliwa na watu ambao leo bado hawajajiunga na jumuiya. Jumuiya inayoweka ahadi ya namna hii imekwisha kuvuka hatua ya kuwa mkusanyiko wa watu wenye kamera.

Hata hivyo, ulinzi huo una gharama, na gharama hiyo haigawanyiki sawa. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia mpakiaji. Mtu aliyepiga picha ya sanamu mpya katika uwanja wa mji mmoja wa Ufaransa huambiwa kwamba picha ni yake, lakini sanamu ina mtunzi, na sheria ya nchi hiyo hairuhusu picha za kazi kama hizo kuuzwa kwa uhuru bila idhini yake. Mjukuu anayetaka kupakia picha ya babu yake iliyopigwa studio hugundua kwamba kuimiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Mwenye haki ni mpigapicha, ambaye huenda studio yake ilifungwa zamani na jina lake halikumbukwi. Taarifa za onyo zimetafsiriwa katika lugha nyingi, lakini mjadala wenyewe huendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Anayejua sheria na anayejua lugha hiyo hujitetea. Asiyejua huondoka.

Si haki kuilaumu jumuiya kwa ukali huu peke yake. Shule inayochapisha kitabu kwa kutumia picha kutoka Commons huegemea uhakika kwamba hakuna atakayeidai fidia kesho. Uhakika huo ukivunjika mara kadhaa, hazina nzima hupoteza thamani. Hoja ya makala haya ni kwamba bidii iliyotumika kujibu swali la picha hii ni ya nani kisheria haijatumika kujibu swali la pili: picha hii inasema nini, na inamsemea nani?

4.0 Mkusanyiko wa Afrika Mashariki ya Kijerumani

Swali hilo la pili linaonekana vizuri katika mfano mmoja. Mwezi Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, Bundesarchiv, ilikubaliana na Wikimedia Ujerumani kuweka katika Commons picha zaidi ya 80,000 kwa leseni huria. Lilikuwa tukio kubwa: taasisi ya dola ilifungua kabati zake kwa jumuiya ya watu wasiolipwa. Miongoni mwa picha hizo umo mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani aliyefanya kazi katika koloni la Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Namba za picha zake hubeba herufi DOA, kifupisho cha jina la Kijerumani la koloni hilo.

Kwa kigezo cha leseni, mkusanyiko huu ni mfano wa kuigwa. Kila faili lina namba ya hifadhi, jina la mpigapicha na masharti ya matumizi. Anayeitumia picha hudaiwa amtaje Dobbertin na Bundesarchiv. Kwa kigezo cha maana, hali ni tofauti. Majina mengi ya mafaili huanza na jina la koloni, Deutsch-Ostafrika, kisha hufuata neno moja au machache yanayotaja kazi, kabila au mahali. Askari ni "askari" tu. Neno ni la Kiswahili, lakini halimtofautishi mtu mmoja na mwingine wala halielezi alitoka wapi.

Hapa ndipo leseni huria inapodhihirisha mpaka wake. Sharti la kumtaja mtunzi huhakikisha kwamba kila picha hii inapochapishwa, jina la aliyekuwa nyuma ya kamera huchapishwa pamoja nayo. Aliyekuwa mbele ya kamera hana haki kama hiyo. Hakuulizwa wakati wa kupigwa picha katika mazingira ya utawala wa kikoloni, na hakuulizwa picha ilipofanywa huria karne moja baadaye. Kila hatua ilifuata sheria, na katika kila hatua yeye hakuwa mhusika wa sheria hiyo.

Bundesarchiv yenyewe haikulificha tatizo la maelezo. Katika kurasa za mafaili hayo lipo tangazo kwamba maelezo ya asili yamehifadhiwa kwa madhumuni ya kumbukumbu, na kwamba huenda yana makosa, upendeleo, mambo yaliyopitwa na wakati au misimamo mikali ya kisiasa. Huo ni uungwana wa kitaaluma. Hata hivyo, onyo linaloeleza kwamba maelezo huenda yana upendeleo halimwambii msomaji upendeleo huo uko wapi katika picha anayoitazama. Kazi hiyo iliachiwa jumuiya.

Jumuiya iliifanya kwa sehemu. Wachangiaji waliripoti makosa kwa hifadhi, na waliyaunganisha majina ya watu wanaoonekana katika picha na orodha ya majina inayotunzwa na maktaba ya taifa ya Ujerumani, ili Bundesarchiv nayo inufaike. Ushirikiano huo ulikuwa wa kupeana, na ulionesha kuwa wanaojitolea wanaweza kufanya kazi ya kiwango cha mkutubi. Lakini orodha kama hiyo huwahusu watu waliokwisha kuingia katika vitabu na katalogi. Waziri, jenerali na mwigizaji wa filamu wana namba humo. Mpagazi wa mwaka 1906 hana. Chombo kilichobuniwa kuwatambulisha watu kiliwatambulisha zaidi wale waliokuwa wakijulikana tayari.

5.0 Kinachotuzwa na Kinachosahaulika

Ili kuelewa kwa nini pengo hili linadumu, ni muhimu kuangalia jumuiya inatuza nini. Picha bora huteuliwa kwa kura za wanajumuiya, na picha huhitaji angalau kura 7 za kuiunga mkono ili ipite. Wapiga kura huzingatia zaidi ukali wa picha, mwanga na mpangilio wake. Tangu mwaka 2006 huchaguliwa pia Picha ya Mwaka. Shindano la Wiki Loves Monuments, lililoanza Uholanzi mwaka 2010 kwa ajili ya majengo ya urithi, lilikusanya picha zaidi ya 168,000 mwaka 2011 na kutambuliwa na Guinness kuwa shindano kubwa kuliko yote ya picha duniani. Wiki Loves Africa lilifuata mwaka 2014 likiwa na mada ya mapishi, na limeziba sehemu ya upungufu wa picha za bara hili zilizopigwa na watu wanaoishi humo.

Mashindano haya yameleta faida isiyopingika. Pamoja na hayo, hesabu yake ni hesabu ya picha mpya. Anayepiga picha hupata jina; anayekaa jioni tatu akitafuta mwaka sahihi wa picha ya zamani hupata mstari mmoja katika historia ya ukurasa. Ni kweli kuwa ziko ngazi za utambuzi, kama ile ya picha zenye thamani, zinazodai maelezo kamili. Lakini ukamilifu huo haupimwi kwa kuuliza kama anayeonekana pichani, au mjukuu wake, angeweza kuyasoma. Majina ya makundi ya mafaili nayo huwekwa kwa Kiingereza kama kanuni ya jumla. Kanuni hiyo ina sababu yake, kwa kuwa ghala moja halina budi kuwa na utaratibu mmoja wa kupanga. Matokeo yake ni kwamba tofauti ambazo lugha nyingine imezitunza hufifia. Mvuvi wa Bagamoyo au Lamu hatachanganya jahazi, mashua na dau. Katika lugha nyingi za Ulaya vyombo hivyo huitwa kwa neno moja, na mtafutaji anayetumia neno hilo huletewa vyote kama chombo kimoja.

6.0 Zana Zilizopo na Tahadhari Zake

Tangu Januari 2019 kila faili katika Commons linaweza kupewa maelezo mafupi katika lugha yoyote, kila lugha ikiwa na mstari wake, bila ya moja kuwa tafsiri ya nyingine. Miezi michache baadaye iliongezwa nafasi ya kutaja vitu vinavyoonekana pichani kwa kuviunganisha na Wikidata. Kitu kikishaunganishwa, jina lake huonekana kwa lugha ya msomaji, mradi mtu awe ameliandika jina hilo katika lugha hiyo. Zana ya ISA, iliyobuniwa na Wiki In Africa, huwawezesha washiriki kuongeza maelezo haya kwa simu ya mkononi, kwa mtindo wa mashindano. Hapa pana dalili kwamba kazi ya kueleza inaweza kutuzwa kama kazi ya kupiga picha.

Kwa hiyo hoja kwamba mfumo unawafungia nje wasemaji wa Kiswahili haina nguvu iliyokuwa nayo mwaka 2008. Nafasi ya mstari wa Kiswahili ipo chini ya kila picha ya Dobbertin. Ikiwa haina kitu, lawama haiwezi kuelekezwa Berlin wala San Francisco peke yake. Jumuiya ya kujitolea huwa na sura ya wale waliojitokeza, na nadharia ya Ostrom inakumbusha kuwa kanuni hubadilishwa na wanaoshiriki.

Hata hivyo, kujaza nafasi hiyo kunahitaji tahadhari mbili. Kwanza, maelezo mapya hayapaswi kuyafuta ya zamani. Maelezo ya mkoloni nayo ni ushahidi: yanaonesha alivyowatazama watu aliowatawala, na mtafiti anayayahitaji. Yanayotakiwa ni matabaka mawili yanayosomwa pamoja, la hifadhi na la wasomaji wa leo. Pili, hamu ya kuwarudishia watu majina isigeuke kuwa uzushi. Kuandika jina bila ushahidi, au kukisia kabila kwa kutazama mavazi, ni kurudia kosa lilelile la mwanzo kwa lugha tamu zaidi. Pale ambapo kinachojulikana ni aina ya kofia, mti au mlango, hicho ndicho kiandikwe. Mzee anayelitambua jengo, mshonaji anayeutambua mshono na baharia anayekitambua chombo wana ujuzi ambao hakuna katalogi ya Ulaya iliyowahi kuuomba. Anayeuandika aeleze pia ameupata wapi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba jumuiya ya Wikimedia Commons imejenga utaratibu wa kulinda uhuru wa kisheria unaokaribiana sana na misingi ya Ostrom: mipaka iko wazi, uangalizi ni wa wote, adhabu hupanda kwa ngazi, na hukumu hutolewa hadharani. Mafanikio hayo ni ya watu wasiolipwa, na yanastahili heshima. Yamebainisha pia kwamba faili lenye leseni safi na maelezo duni hupita katika milango yote ya hazina bila kusimamishwa, ilhali lenye maelezo tele na leseni yenye shaka hutolewa. Jumuiya imeamua, pengine bila kukusudia, ni kosa lipi lisilovumilika.

Kwa picha za Afrika Mashariki, uamuzi huo una matokeo yanayoonekana. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza leo kuipakua picha ya askari wa mwaka 1914 bila kumlipa mtu, kuichapisha katika kazi yake, na kumtaja mpigapicha kama leseni inavyodai. Akitaka kumtaja askari, hana la kuandika. Si kila jina litapatikana, na mengi yamepotea moja kwa moja. Lakini zipo picha ambazo mahali pake, chombo chake, vazi lake au jengo lake bado linatambulika kwa watu walio hai, na muda wa kuwauliza unapungua. Idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vikuu vya ukanda huu zinaweza kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo: mwanafunzi achague picha moja, aulize, athibitishe, kisha aandike mstari mmoja wa Kiswahili chini yake pamoja na chanzo chake. Daftari la mali hii liko wazi, na kalamu haijazuiwa kwa mtu yeyote.